Sura ya Nne: Maji Yaliyolala

Samaki walikuwa wamepangwa juu ya gazeti, kwenye meza ndefu ambayo zamani akina mama wa jengo zima walikunjia mashuka. Walikuwa diskasi, bapa na duara kama visahani vya chai, wengine wa bluu, wengine wekundu wenye mistari, na wote sasa wameanza kugeuka kijivu. Luteni Radmila Hudcová aliwatazama, kisha akawatazama watu wawili waliosimama ng'ambo ya meza, akaona kwamba hapa lazima atoe pole kabla ya kuuliza chochote.

"Poleni sana," alisema.

"Pole haisaidii, Afande," alijibu Lubor Zatloukal. "Kamata mtu."

Zatloukal alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa samaki wa mapambo, mwanamume mnene mwenye masharubu yaliyopunguzwa vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu, na ilionekana wazi hapendi watu wayaone. Pembeni yake, akiegemea fimbo, alisimama mweka hazina, Bi Jarmila Sochorová wa ghorofa ya pili, mwanamke mdogo wa umbo ambaye ulimi wake ulikuwa na nguvu kuliko miguu.

Mjini Mlýnec jambo hili halikuwa la kucheka. Katika yale majengo ya zege upande wa juu wa mji, kila ngazi ilikuwa na mtu mmoja au wawili waliojaza matangi ya vioo chumbani, wao wenyewe wakahamia kulala kwenye kochi sebuleni. Walizalisha samaki, wakawauza kwenye gulio la Jumapili, na wanunuzi walikuja mpaka kutoka Ujerumani. Chama kilikodi chumba cha kufulia cha jengo hili, huku chini ya ardhi, kilichoachwa tangu kila nyumba iliponunua mashine yake. Humo waliweka mapipa yao ya maji na meza ya kahawa ya kila Alhamisi jioni. Jumapili hii ya Novemba, gulio lilikuwa linaendelea bila wao.

"Nielezeni tena, polepole," alisema Radmila. "Anzeni na maji."

"Maji tunayakinga bombani Alhamisi," alisema Zatloukal. "Tunayaacha yalale humu kwenye mapipa mpaka Jumamosi. Klorini inapaa yenyewe. Jumamosi asubuhi kila mtu anachota ndoo zake, anabadilisha theluthi ya maji kwenye matangi yake. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu vilevile. Maji yaliyolala siku mbili ni salama, hata mtoto wa chekechea hapa anajua."

"Na jana?"

"Jana tumebadilisha asubuhi kama kawaida. Mchana samaki wote wako juu, midomo nje, wanahema. Jioni wanalala ubavu."

"Na mashavu yao yamekuwa kahawia," alidakia Bi Sochorová. "Nimewafunua mwenyewe kwa kidole. Shavu la samaki mzima ni jekundu, Afande. Haya yalikuwa kama kahawa iliyosahaulika kikombeni."

"Maji mlipima?"

Zatloukal alichomoa kijikaratasi cha kupimia kwenye kopo, akakichovya kwenye pipa la karibu, akakiinua mbele ya taa. Kilibaki cheupe.

"Klorini, sifuri. Umeona mwenyewe. Kwa hiyo tatizo si maji. Tatizo ni kitu alichokitia mtu."

"Mtu gani?"

Wakatazamana, lakini kwa adabu tu, maana jina lilikuwa tayari mdomoni.

"Brabenec," walisema pamoja.

Oldřich Brabenec alikuwa wa ghorofa ya nne, fundi mstaafu wa taa za reli, mjane. Alikuwa mwanachama tangu enzi za ujana wake. Miaka miwili nyuma, muda mfupi baada ya kumzika mkewe, alisimama katikati ya gulio, mbele ya Wajerumani, akasema kwa sauti kwamba samaki wa mwenyekiti wanalishwa homoni ndiyo maana wanang'aa. Wakamfukuza wiki hiyohiyo.

"Na uongo wake ule nimeumeza," alisema Zatloukal. "Nikasema mzee ana msiba, tumwache. Kumbe mwenzangu anatunza kinyongo."

"Mmemwona humu?"

"Mimi nimemwona," alisema Bi Sochorová. "Alhamisi jioni, tunafunga kikao. Nimetangulia kutoka, maana kwa goti hili ngazi moja napanda kwa mwaka. Nikamkuta Mzee Chai mbele yangu, anatoka huku chini. Mikono mitupu! Hana kiazi, hana chupa ya kachumbari, vile watu wanavyofuata kwenye stoo zao huku. Salamu yenyewe hakutoa."

"Mzee Chai?"

"Maji yake ya samaki ni ya kahawia. Tunamwita hivyo. Na hao samaki wake wazima, nakwambia! Jengo limepinda, dirisha langu linatazama lake kule juu. Jengo zima lina matanga, kwake harusi."

"Na wewe ndoo zako nani alikubebea kutoka hapa?"

"Nani anibebee? Mimi nina pipa langu bafuni. Wenzangu ndio wanaoshuka huku na ndoo."

Radmila alikuwa tayari anafikiria kufuli la mlango na funguo zake, na jibu lile likampita. Alilikagua kufuli: la zamani, ufunguo uleule wa mlango wa chini aliokuwa nao kila mpangaji. Aliinama juu ya pipa. Maji yalikuwa safi, yametulia, na yalikuwa na harufu ndogo aliyoijua kutoka mahali fulani, ila hakukumbuka wapi. Alijaza chupa mbili kwa ajili ya maabara, akazifunga, akaandika tarehe. Maabara ingechukua wiki mbili, labda tatu.

Kapteni Šustr hakuwa na wiki mbili. Alipiga simu Radmila akiwa bado kwenye korido.

"Kesho asubuhi tunaingia kwa huyo mzee," alisema. "Tunabeba matangi yote kama ushahidi. Mwenyekiti wao ameshampigia diwani, na diwani ameshanipigia mimi nikiwa mezani."

"Tukiyabeba matangi, samaki wake watakufa njiani."

"Hudcová, ni samaki."

"Ndio pekee alionao, Kapteni."

"Basi angefikiria hilo kabla. Una mpaka leo jioni."

Brabenec alifungua mlango kabla kengele haijamaliza kulia. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo, amevaa shati lililopigwa pasi na sweta lililotoboka kiwiko. Aliweka sakafuni ndala za wageni, akangoja Radmila avue viatu. Ndala zilikuwa zimekauka na kukakamaa, na Radmila alilazimika kuzikunja kidogo ndipo mguu ukaingia.

"Karibu, karibu, Afande. Kahawa? Ninayo ya kusaga, naiweka moja kwa moja kikombeni, unangoja itulie chini. Keki pia ipo. Bábovka. Ya dukani, nisikudanganye, marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akioka."

Keki ilikuwa nzima, haijaguswa. Aliikata vipande vingi kuliko watu waliokuwepo.

Chumba cha kulala kilikuwa na joto na mvumo wa pampu. Katika kuta tatu kulikuwa na matangi, na ndani yake maji ya rangi ya chai hafifu. Diskasi walikuja wote mbele ya kioo, wakamtazama Radmila kwa upole, wakangoja chakula.

"Wazima," alisema Radmila.

"Wazima. Huyu mwenye doa ni bibi kabisa, hazai tena, lakini simuuzi. Na huyu anapenda kuitwa jina. Ukimwita anageuka. Wenzangu walikuwa wanabisha."

"Jana ulibadilisha maji?"

"Jumamosi? Kila Jumamosi."

"Maji ya wapi?"

"Ya bombani. Twende nikuonyeshe."

Bafuni, pipa la plastiki lilijaa beseni zima la kuogea, kiasi kwamba Radmila alishangaa mzee mwenyewe anaogea wapi. Kutoka ukingoni mwa pipa ilining'inia majini soksi ndefu ya kike ya nailoni, imevimba kwa vitu vidogo vyeusi.

"Ni vitunda vikavu vya miti ya olše," alisema Brabenec. "Viko tele kando ya kijito, huko nyuma ya gereji. Marehemu alikuwa anaviokota kila vuli. Vinatoa rangi, maji yanakuwa laini kama ya kwao huko Amazoni. Soksi ni zake. Zimebaki nyingi."

Kila swali alilijibu kwa urefu uliotosha maswali matatu. Alieleza juu ya joto la maji, juu ya minyoo ya kuwalisha, juu ya lifti inayoganda kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Radmila alikuwa amewahoji wezi na waongo wengi, na wote walitaka aondoke haraka. Huyu alikuwa anammiminia kikombe cha pili bila kuulizwa.

"Mzee Brabenec, Alhamisi jioni ulikuwa chini. Ulifuata nini?"

Mkono uliokuwa unamimina ulisimama.

"Viazi."

"Ulitoka mikono mitupu."

"Eh, basi nilikuwa..." Alifuta makombo ya keki mezani kwa kiganja, akayakusanya, akayaacha. "Nilikunywa kahawa na wenzangu. Chamani."

"Kwenye chama kilichokufukuza."

"Walinikaribisha."

"Nimetoka kwao sasa hivi, Mzee. Hawakukaribishi hata kwa bahati mbaya. Hebu nipe ufunguo wa stoo yako."

"Hakuna kitu huko."

"Nipe tu."

Alikwenda kuutafuta kwenye droo iliyo wazi mbele yake, akautafuta muda mrefu, akaja nao.

Stoo za wapangaji zilikuwa vizimba vya mbao kwenye korido ileile ya chumba cha kufulia. Ya Brabenec ilikuwa ya mwisho, imepakana ukuta na chama. Radmila aliingia akitegemea kukuta chupa ya sumu, au kopo, au glavu. Hakukuwa na viazi wala kachumbari. Kulikuwa na kiti cha jikoni, na kiti kile kilitazama ukuta.

Juu yake palikuwa na blanketi lililokunjwa, na sakafuni kikombe kilichokauka kahawa. Kwenye ukuta, kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, chokaa ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa. Radmila aliketi, akaweka sikio pale.

"...na mimi nikamwambia Jarmila, funga dirisha, utaumwa," ilisema sauti ya Zatloukal, wazi kabisa, kama yuko naye kizimbani. Kiti kingine kikaburuzwa; wanachama wengine walikuwa wameshafika. Mtu akapiga chafya, wengine wakamtakia afya.

Radmila alikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Aliwaza Alhamisi ngapi zimo katika miaka miwili, na hakutaka kuzihesabu. Huruma ilimjia, na ikamkera, kwa sababu sasa alikuwa na ushahidi wa kumtoa mtu kwenye kosa na alijua hatapenda kuutumia.

Alipanda tena. Brabenec alikuwa amesimama palepale alipomwacha.

"Umekiona," alisema.

"Nimekiona."

"Usiwaambie."

"Mzee, nisikilize. Mtu aliyekuwa kwenye kiti kile hakuwa kwenye mapipa. Unajua walizungumza nini tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi naweza kukupima kwa hilo. Kiti kile ndicho kinachokutoa."

"Kinanitoa wapi? Kinanipeleka wapi?" Alisukuma pembeni sahani ya keki. "Waache wadhani nimewaua samaki wao. Mtu akikuchukia, walau anakuona mtu. Lakini wakijua nakaa kule kwenye giza na blanketi... Hapana, Afande. Huyo Jarmila atacheka mpaka fimbo imponyoke."

"Kesho asubuhi wanakuja kubeba matangi."

Brabenec aliangalia mlango wa chumba cha kulala. Pampu zilikuwa zinavuma.

"Nitasema ni mimi," alisema. "Nikikubali, hakuna atakayeuliza nilikuwa chini nafanya nini."

"Utakubali kosa ambalo hukulifanya? Na samaki je?"

"Si watakuwa wamekufa hata hivyo?"

Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake zote. Radmila alivaa viatu vyake akiwa na hasira, naye hakujua amkasirikie nani.

Alishuka kwa ngazi ili apate kufikiri. Kama si Brabenec, kuna mwingine aliyetia kitu kwenye mapipa. Nani tena ana ufunguo? Kila mtu. Nani alitaka samaki wote wafe? Hakuna. Wauaji huwa na chuki na mtu mmoja, na hapa walikufa samaki wa watu wote, wa mwenyekiti, wa mweka hazina...

Alisimama kwenye ngazi ya ghorofa ya pili. Kisha akabonyeza kengele ya Bi Sochorová, na kusikia fimbo ikija taratibu.

"Bi Sochorová, samaki wako wamekufa wangapi?"

"Wote. Umesahau au unanitonesha?"

"Na maji yako hayatoki chini."

"Nimeshakwambia! Natega humu humu. Goti hili lingebeba ndoo?"

"Bafu lako ufunguo wake anao nani?"

"Mimi na Mungu, na Mungu hajaja kuniogesha."

Radmila alivua viatu mwenyewe, akaenda bafuni. Pipa lilikuwepo, limefunikwa kwa taulo. Hakuna mtu aliyeingia humu. Hakuna mtu aliyetia kitu humu. Na bado maji yake yalikuwa yameua. Aliinama, akanusa, na safari hii akaijua ile harufu: ilikuwa ya bwawa la kuogelea la mji, ambako alikwenda kila Jumanne, akaogelea peke yake kwenye mstari wa ukutani, akarudi nyumbani na nywele zinazonuka hivyohivyo.

"Naomba chupa tupu," alisema.

"Unachukua maji yangu? Kwani mimi ndiye mtuhumiwa sasa?"

"Hakuna mtuhumiwa, Bi Sochorová. Sidhani kama yupo."

Kwenye bwawa la mji walimwazima kisanduku cha kupimia, naye akasoma maelezo ya kwenye kifuniko mara mbili akiwa ameketi garini. Vidonge vilikuwa vya aina mbili. Cha kwanza kilionyesha klorini iliyo huru, ile inayopaa. Cha pili kilionyesha klorini iliyoshikamana na kitu kingine. Aliweka kidonge cha kwanza kwenye maji ya Bi Sochorová, na maji yakabaki meupe. Akaongeza cha pili, akatikisa. Maji yakawa ya waridi, tena waridi ya kukolea, ya nguo za harusi za bei rahisi.

Mhandisi wa zamu wa mamlaka ya maji alijibu simu kwa sauti ya mtu aliyekuwa anakula.

"Ndiyo, tumebadilisha," alisema. "Tangu Jumatano. Huko juu kwenu ni mbali, klorini ilikuwa inaisha bombani kabla ya kufika. Sasa tunaiongezea amonia kidogo, vinashikana, inadumu. Ni salama kabisa kwa kunywa, Afande. Nchi nyingi wanafanya."

"Ukiyaacha maji siku mbili kwenye pipa, inatoka?"

"Haitoki. Ndiyo maana tunaitumia."

"Na samaki?"

Mhandisi alimeza kwanza alichokuwa anatafuna.

"Samaki," alisema mhandisi, "hawamo kwenye orodha ya wateja wetu."

"Ukiweka humo vitu vya majani, vitu vinavyotoa rangi ya chai?"

"Hivyo vinaila. Vinaimaliza. Sisi huwa vinatusumbua mtoni kila vuli."

Alasiri hiyohiyo Radmila aliwaita kwenye chumba cha kufulia. Zatloukal alikuja, Bi Sochorová akashushwa na lifti, na baada yao akaja Brabenec na jagi la maji yake ya kahawia, kwa sababu Radmila alikuwa amemwamuru alilete. Alisimama mlangoni. Alikuwa hajakanyaga humu miaka miwili, na aliangalia pembe zote za chumba kana kwamba vitu vimehamishwa ili kumkomoa.

"Huyu anafuata nini humu?" aliuliza Zatloukal.

"Ameleta maji. Kaa, Mwenyekiti."

Radmila alipanga glasi tatu juu ya meza, pembeni ya gazeti la samaki: ya kwanza maji ya pipa la chama, ya pili maji ya Bi Sochorová, ya tatu ya Brabenec. Akatia kidonge cha kwanza kwenye kila moja. Hakuna kilichobadilika.

"Nilikwambia," alisema Zatloukal. "Sifuri."

"Subiri."

Akatia cha pili. Glasi mbili zikawa za waridi mbele ya macho yao. Ya tatu ikabaki chai.

Alieleza kwa maneno machache. Kijikaratasi cha mwenyekiti kilikuwa kinaona klorini ya peke yake tu, na hii iliyo bombani sasa imeshikana na amonia. Haipai. Ukiilaza siku mbili, inaamka ilivyolala. Ndiyo iliyoyafanya mashavu ya samaki kuwa kahawia, wakahema hewani na hewa isiwafae. Hakuna aliyetia kitu popote. Wametiliwa wote, kutoka bombani, pamoja na Bi Sochorová ambaye hakuchota hapa hata tone.

Zatloukal alichukua glasi ya waridi, akaiinua, akaiweka.

"Lakini yalilala," alisema. "Siku mbili zote. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyowamwagia."

"Usingejua, Mwenyekiti."

"Babu yangu..." alianza, na hakumaliza.

Bi Sochorová alikuwa ameikazia macho glasi ya tatu. "Na ya huyu kwa nini haijageuka?"

"Kwa sababu ya vitunda vya olše. Ile rangi mnayoicheka ndiyo iliyoila sumu."

Radmila alitoa simu, akamwambia Kapteni Šustr kwamba hakuna jinai, kwamba kesho hakuna cha kubeba, na kwamba sasa diwani atamwacha amalize chakula chake. Aliporudisha simu mfukoni alijisikia mwepesi. Samaki wa ghorofa ya nne wamepona, kiti kimebaki kwenye kizimba chake, na hakuna aliyelazimika kukitaja. Alianza kukusanya glasi.

"Sawa," alisema Zatloukal. Hakuwa mtu wa kushindwa mara mbili kwa siku moja. "Sawa, ni maji. Nakubali. Lakini Alhamisi huyu alikuwa chini huku anafanya nini?"

"Alifuata viazi," alisema Radmila haraka.

"Mikono mitupu?" aliuliza Bi Sochorová. "Afande, mimi goti ndilo bovu, si macho. Na si Alhamisi hii tu. Nimeshamwona mara nyingi. Kama hakuja kutuharibia, alikuja kuiba. Kama si kuiba..."

"Bi Sochorová, imetosha."

"Haijatosha! Mtu ananyatia chumba chetu kila wiki, polisi unasema viazi?"

Radmila alifungua mdomo aongeze uongo mwingine, mkubwa zaidi. Brabenec alimtangulia. Alikuwa bado mlangoni, ameshika jagi lake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nawasikiliza," alisema.

"Unatusikiliza vipi?"

"Stoo yangu iko hapo nyuma. Nina kiti. Mkianza kikao nashuka, nakaa, nawasikiliza mpaka mmalize. Kisha napanda."

Bi Sochorová hakucheka. Aliugeukia ukuta, akautazama kana kwamba umepata macho, na uso wake ukaanza kuwiva taratibu kutoka shingoni.

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

"Basi umesikia..." Alimgeukia tena. "Oldřich, umesikia tuliyokuwa tunasema juu yako."

"Yote."

"Yale ya Mzee Chai. Yale niliyosema juu ya... juu ya mazishi."

"Na hayo."

"Na wiki inayofuata unashuka tena? Ukasikilize matusi?"

Brabenec aliweka jagi chini, karibu na mlango, taratibu, lisigonge.

"Kule juu," alisema, "hakuna anayelitaja jina langu."